Kisanduku cha gitaa kikigoma, huenda kimejaa tu

WAPIGA gitaa wengi wa kwaya, hapa Rumonge na hata Uvira na Kigoma, siku hizi hawabebi tena pedali nne tano zilizofungamana kwa nyaya. Wananunua kisanduku kimoja cha dijitali chenye kila kitu ndani: mwangwi, dilei, korasi, distoshoni na hata sauti ya amplifaya yenyewe. Wafanyabiashara wa mpakani nao wamekwisha kuonja faida yake. Lakini bidhaa hii ina ugomvi wake.

Baada ya wiki moja mteja anarudi: "Kaka, mashine uliyoniuzia mbovu. Nikiongeza mwangwi, hausikiki." Muuzaji anaapa kwamba aliitoa dukani ikiwa mpya. Mwisho wake kifaa kizima kinauzwa kwa bei ya kutupa, na waliokuwa marafiki hawasalimiani.

Shule niliisomea katika makazi ya Katumba, Tanzania, ambako wazazi wetu walikimbilia baada ya mauaji ya 1972, na gitaa nililijulia huko huko, kanisani. Tangu nirejee mwaka 2009 na kuanza kufundisha, nimeletewa visanduku vingi nivitazame. Vibovu vilikuwa vichache. Vilivyobaki vilikuwa vimejaa.

Vimejaaje? Ndani ya kisanduku kuna prosesa, yaani ubongo unaopiga hesabu. Sauti ya gitaa hukatwa vipande vidogo mno. Zoom G1 FOUR, iliyotoka mwaka 2018, hukata vipande 44,100 kwa kila sekunde, sawa na zile sidi za muziki. Kwa hiyo kila kipande kina wastani wa maikrosekunde 23 hivi za kupitishwa katika efekti zote ulizopanga. Kompyuta ya ofisini ikizidiwa, utasubiri kidogo na barua itafunguka. Gitaa halisubiri. Hesabu ikichelewa, spika zitatoa mikwaruzo mbele ya waumini.

Ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo. G1 FOUR inakubali efekti tano kwa pamoja, lakini ukichagua zile nzito tupu, hata tano hazifiki: kioo kinatoa onyo na efekti iliyozidi inarukwa. Line 6 Helix, chombo cha gharama kubwa kilichotoka mwaka 2015, kinafifisha kwenye orodha majina ya efekti zisizoenea tena. Mtu asiyejua kusoma onyo hilo ataapa kwamba kifaa kimekufa.

Sasa nani mlafi? Kisawazisho cha sauti, kompresa na kidhibiti cha ukubwa wa sauti hula kidogo sana. Dilei ya kawaida inataka zaidi kumbukumbu kuliko hesabu. Mwangwi wa ukumbi mkubwa ni mzito, kwa kuwa unaiga sauti inayogonga kuta mara nyingi mno. Efekti ya kuimbisha gitaa sauti mbili, moja juu na nyingine chini, nayo ni nzito. Halafu kuna uigaji wa amplifaya na boksi la spika. Huu ndio unaowamaliza wengi, na mara nyingi bila sababu. Ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, utauhitaji. Lakini kama mbele yako kuna amplifaya ya gitaa ya kweli, unaiga nini tena? Ondoa, nafasi itapatikana.

Nasema ondoa, sisemi zima. Wengi hukanyaga swichi wakidhani wamepunguza mzigo. Katika vyombo vingi vya aina hii, Helix ikiwemo, efekti iliyozimwa kwa mguu bado imeshika nafasi yake, ili ukiiwasha iitike papo hapo. Lazima uitoe kabisa kwenye mpangilio uliouhifadhi.

Kwenye Helix kuna jambo jingine. Ina prosesa mbili, kila moja na njia yake. Ukirundika kila kitu njia ya kwanza, ya pili inakaa bure huku wewe unalalamika. Aidha, faili za kuiga boksi la spika huweza kuwekwa kwa urefu wa sampuli 2,048 au 1,024. Fupi inapunguza mzigo, na sidhani kama kuna mzee wa kanisa atakayegundua.

Kwaya yenye spika moja haina haja ya efekti za stereo, ambazo mara nyingi ni nzito kuliko za mono. Na kwa mpigaji wa solo wa rumba au sebene, sauti safi, kompresa, korasi kidogo na dilei fupi zinatosha. Hizo zote zinaenea hata kwenye kisanduku kidogo. Binafsi naona vijana wetu wanaoga mwangwi mpaka vidole vyao havisikiki, lakini hayo ni mambo ya ladha.

Kwa ndugu zangu mnaovusha mizigo, kabla hamjarudishiana fedha fanyeni hivi mbele ya mteja. Chagueni nafasi tupu, wekeni efekti moja, pigeni. Itoeni, wekeni nyingine, mpaka zile zote anazozilalamikia zimesikika moja moja. Kisha zirudisheni pamoja kwa mpangilio wake. Zikigoma zikiwa pamoja tu, na kioo kikatoa onyo, kifaa ni kizima. Efekti ikikataa hata ikiwa peke yake, mteja ana haki ya kurudishiwa chake.