Mafuta yasiyopimwa kwenye vipindi vya mapishi

Desemba 2012, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliozua mjadala mkubwa. Watafiti walichukua mapishi 100 kutoka katika vitabu vilivyouzwa sana vya wapishi maarufu wa runinga, wakayalinganisha na vyakula 100 vya pakiti, vile ambavyo Mwingereza hununua vikiwa vimekwisha kupikwa na kuvipasha moto tu. Mtu angetarajia chakula cha mpishi kishinde. Hakikushinda. Kwa kila sahani, mapishi hayo yalikuwa na nishati na mafuta mengi zaidi, yakiwemo mafuta yanayoganda kama ya siagi, na nyuzinyuzi chache zaidi. Na katika vyakula vyote 200, hakuna hata kimoja kilichotimiza kikamilifu miongozo ya lishe ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Siandiki haya kukitetea chakula cha pakiti. Anayejua kupika ana uhuru ambao mnunuzi wa pakiti hana: yeye ndiye anayeamua kinachoingia chunguni. Lakini ustadi wa kupika ni jambo moja na kipimo cha afya ni jingine, na runinga hulifundisha la kwanza vizuri huku ikilinyamazia la pili.

Sababu ziko wazi. Mpishi wa runinga kazi yake ni kutamanisha. Mafuta hubeba harufu na ladha, hufanya nyama ing'ae mbele ya kamera, na chumvi huamsha kila kitu kingine. Chakula cha namna hiyo, kikiliwa siku ya harusi au sikukuu, hakina shida kubwa. Shida huanza pale mapishi ya sherehe yanapoingia nyumbani kupitia kioo na kuwa chakula cha Jumatatu na Jumanne.

Huku kwetu, runinga za Tanzania na Kenya zina vipindi vya mapishi vya asubuhi, na mwezi wa Ramadhani huongezeka vya futari. Mdhamini mara nyingi ni kampuni ya mafuta ya kula, unga wa ngano au viungo vya pakiti. Kwa hiyo si ajabu kwamba tunaonyeshwa sana sambusa, maandazi, kuku wa kukaanga na keki. Matembele, mlenda na kunde hazina mdhamini.

Tazama jinsi mafuta yanavyoingia kikaangoni. Chupa inainamishwa, mpishi anaendelea kuzungumza, na hakuna anayejua kimeingia kiasi gani. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, ya alizeti au mengine yoyote, kina kilokalori 120 hivi. Vikiingia vijiko vinne, hizo ni karibu kilokalori 500 hata kabla kitunguu hakijatumbukizwa. Zikigawanywa kwa watu sita si neno. Zikiliwa na wawili ni mzigo. Lakini kipindi hakisemi chakula hicho ni cha watu wangapi, na mtazamaji anabaki na picha ya mkono unaomimina tu.

Chumvi nayo ni vivyo hivyo. WHO inashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya mchuzi na ya kachumbari. Kwenye runinga utasikia "chumvi kiasi", kisha viungo vya pakiti vya mchuzi, kisha sosi ya soya, na vyote viwili hivi vina chumvi nyingi tayari. Familia yenye mgonjwa wa presha haiwezi kupika kwa "kiasi" cha mtu mwingine. Habari njema ni kwamba ulimi huzoea: ukipunguza chumvi kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa chakula cha zamani utakiona kimezidi.

Kwa watu wa pwani lipo la nazi. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni ya aina ileile inayoganda, ambayo huongeza lehemu katika damu. Hakuna haja ya kuufuta wali wa nazi mezani. Mapishi ya wazee wetu yalijua kutofautisha tui zito na tui jepesi: jepesi lilichemshia chakula, zito likamaliziwa mwishoni. Kopo la tui linalofunguliwa studioni na kumwagwa lote halina hekima hiyo.

Wala mafuta si sumu. Mwili hauwezi kuchukua vizuri viini vya vitamini A vilivyomo kwenye mchicha au kisamvu pasipo mafuta kidogo. Neno la kushika hapo ni "kidogo", na "kidogo" bila kijiko haina maana.

Je, picha kweli hubadilisha tunachokula? Ndiyo, na huanzia ndani ya mwili. Mwaka 2012 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Munich waliwaonyesha vijana wa kiume picha za vyakula, wakakuta homoni ya njaa iitwayo grelini imepanda katika damu yao. Kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuta kwamba watoto waliotazama katuni yenye matangazo ya vyakula walikula vitafunwa kwa asilimia 45 zaidi ya wenzao walioonyeshwa matangazo ya bidhaa nyingine. Basi fikiria matangazo ya soda na biskuti yanayopachikwa katikati ya kipindi cha mapishi.

Nguvu hiyohiyo, hata hivyo, inaweza kuvuta upande wa pili, na hapa ndipo penye matumaini. Nchini Uholanzi, watoto 125 wa miaka 10 hadi 12 kutoka shule tano walionyeshwa sehemu ya kipindi cha mapishi cha watoto kwa dakika 10. Baadaye waliruhusiwa kuchagua kitafunwa. Walioona vyakula bora vikipikwa walikuwa na uwezekano mara 2.7 zaidi wa kuchukua tofaa au tango badala ya chipsi kuliko walioona vyakula visivyo bora. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Dakika 10 tu, bila mahubiri yoyote.

Ujerumani wameonyesha jambo kama hilo kwa upande wa usafi. Taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayotathmini hatari katika vyakula ilichunguza vipindi 100 vya mapishi na kuona kosa la usafi, kwa wastani, kila baada ya sekunde 50: mikono michafu ikifutwa kwenye kitambaa cha jikoni, ubao wa kukatia ukitumiwa tena bila kuoshwa. Kisha watu 65 wakatazama video ya saladi ya kuku na kuipika wenyewe. Walioona mpishi msafi walipika kwa usafi zaidi. Mtazamaji huiga mkono wa mpishi, hata pale ambapo mpishi hakukusudia kufundisha.

Watafiti wa Uingereza walipendekeza mapishi ya runinga yafikiriwe kuwekewa masharti kama yale ya matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi. Sisi tunaweza kuanza na dogo zaidi. Watayarishaji, wekeni kijiko cha kupimia mezani, semeni kimeingia kiasi gani, na andikeni kwenye kioo chakula kinatosha watu wangapi. Haiwagharimu kitu. Na katika kila wiki, tupeni kipindi kimoja cha mboga za majani: zioshwe kabla ya kukatwa ili vitamini C isiondoke na maji, zipikwe kwa muda mfupi, na ziliwe na ugali wa dona.