Kabla ya Kununua Kitambaa Kilichopigwa Chapa kwa Mkono

Muuzaji asemapo kwamba kitambaa kimepigwa chapa kwa mkono na kwa rangi za asili, ametoa madai mawili, na kila moja lina uthibitisho wake.

Dai la kwanza mnunuzi aweza kulikagua mwenyewe. Chukua mfano wa ajrakh, kitambaa cha Kutch, magharibi mwa India, ambacho mafundi hukichapa kwa mihuri ya mbao iliyochongwa. Muhuri hushushwa na kuinuliwa mara nyingi mno. Hivyo, mahali chapa mbili zinapokutana huonekana mwachano au mpandano mdogo. Chapa zikilingana barabara toka pindo hadi pindo, shuku mashine.

Kwa dai la pili, macho hayatoshi. Katika ajrakh ya asili, buluu hutokana na nili, wekundu na mizizi ya mmea ikishikizwa kwa shabu, na weusi na chuma chakavu kilichovundikwa pamoja na sukari guru. Lakini mihuri hiyo hiyo hutumika pia kwa rangi za viwandani. Mtake muuzaji aandike aina ya rangi kwenye stakabadhi. Akikataa, usilipe bei ya rangi za asili.

Nili halisi huweza kuacha buluu kidogo kiganjani ikisuguliwa, na hilo pekee si dalili ya udanganyifu. Fua kitambaa peke yake kwa maji baridi, ukianike kivulini. Doa usilitie ndimu wala siki, kwani asidi huharibu ule weusi wa chuma.