Je, Utatu Ni Miungu Watatu?

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, tukinywa kahawa. Akaja mpwa wangu, akatuamkia, kisha akaniambia, "Mjomba, nataka kuoa. Ila binti mwenyewe ni Mkristo."

Mzee mmoja akakiweka kikombe chini. "Astaghfirullahi! Huyo si mshirikina? Hao wana miungu watatu!"

Macho yote yakanigeukia. Sikujibu siku ile, kwani niliona si haki kumsemea mtu dini yake naye yu mlango wa pili. Nilikwenda kwa jirani yangu, mwalimu wa katekisimu, ambaye tumezikiana miaka mingi. Nikamwuliza waziwazi, "Bwana, nyinyi mwaabudu Mungu mmoja ama watatu?"

"Mmoja," akajibu bila kusita. "Mtoto akiniambia watatu, humrudisha mwanzo wa somo."

Akanionyesha katika Injili ya Marko kwamba Isa alipoulizwa amri iliyo kuu, alianza kwa kutaja upweke wa Mungu. Basi hizo nafsi tatu, nikamwuliza, zatoka wapi?

Hapo ndipo penye fundo. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki, kwa sababu ya kasisi wa Iskandaria aitwaye Arius, aliyefundisha kwamba Mwana ameumbwa. Wakamkataa, wakaamua kwamba Mwana na Baba ni wa asili moja. Mwaka 381, katika mkutano wa Konstantinopoli, wakayathibitisha ya Roho Mtakatifu. Kwa mujibu wao hawakuwa wakiongeza miungu. Walitafuta njia ya kumwabudu Isa bila ya kuuacha upweke wa Mungu.

Lugha nayo imezidisha mashaka. Wagiriki walisema hipostasi, Wakristo Waarabu wakasema uknumu, neno lenye asili ya Kisiryani. Kwetu likawa nafsi. Na Mswahili akisikia nafsi tatu, huona watu watatu.

Mjadala huu ni wa kale. Yapata mwaka 781, huko Baghdad, Khalifa al-Mahdi alimhoji kwa siku mbili Timotheo, mkuu wa Kanisa la Mashariki. Timotheo alitoa mfano wa jua: lina mwanga na lina joto, nalo ni jua moja. Khalifa hakusadiki, wala Timotheo hakusilimu.

Mimi pia mfano huo haunitoshi. Mwanga hauliombi jua, hali Isa alisali na kumwomba Mola wake. Kwetu Isa ni mja na mtume, na kumwabudu ni kosa kubwa ambalo Kurani imelikemea bila kuficha. Lakini Kurani hiyo hiyo huwataja Watu wa Kitabu mbali na washirikina, na katika Sura ya al-Maida ikahalalisha chakula chao na kuoa wanawake wao wenye kujihifadhi. Abdullah bin Umar aliichukia ndoa hiyo, akiona kwamba kumwita Isa Mola ni shirki. Wanazuoni wengi hawakumfuata. Madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani, yameweka shuruti nzito kuhusu nasaba ya mwanamke na wakati watu wake walipoingia katika dini hiyo. Lakini tazama: shuruti hiyo ni ya nasaba na wakati, si ya kuwahesabia miungu.

Niliporudi barazani, nilimwambia mpwa wangu aende kwa Kadhi kabla ya kupeleka posa, kwani ndoa haifungwi kwa maneno ya barazani.

"Basi wasema wana Mungu mmoja?" akauliza yule mzee.

"Wanamkusudia mmoja, Mzee wangu. Tunalowakatalia ni kumwabudu Isa. Tuwakatalie hilo kwa hoja, tusiwasingizie wasilolisema."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasogea, akampisha kijana mahali. "Kaa, mwanangu," akamwambia, "unywe kahawa."