Kambi ya Skauti Wakati wa Baridi: Yawapasayo Wazazi wa Kisii na Nyamira

Likizo ya mwezi wa Agosti huwapa Skauti wa shule nafasi ya kwenda kupiga kambi. Lakini katika milima ya Kisii na Nyamira mwezi huo ni mmoja wa miezi ya baridi, na mzazi aliyeletewa barua ya ruhusa na mwanawe hukaa akiwaza kama aitie sahihi au airudishe. Wasiwasi wake una sababu. Mtoto aliyezoea kulala ndani ya kuta, na ndugu yake ubavuni, sasa anatakiwa kulala chini ya turubai juu ya nyasi zenye umande. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mambo yamtiayo mzazi hofu yaweza kutengenezwa nyumbani kabla ya safari, na bila gharama kubwa.

Baridi ya huku si ya theluji, na kwa hiyo watu huidharau. Mji wa Kisii uko kiasi cha meta 1,700 juu ya bahari, na sehemu za juu za Nyamira hufikia meta 2,000 na zaidi. Kila mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi za Sentigredi. Usiku wa Nyamira waweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10. Tena kuna mvua, ambayo hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda milimani wakati wa mchana, na alasiri huteremka mvua ya radi, pengine na mawe. Hapo ndipo penye hatari, kwani mtu aliyelowa hupoteza joto la mwili upesi sana kuliko mtu mkavu. Mtoto aweza kudhurika kwa baridi mahali ambapo maji hayajapata kuganda hata siku moja.

Basi shughuli ya kwanza ya mama afungaye mzigo si kutafuta nguo nyingi, bali ni kuhakikisha kwamba ziko nguo kavu. Seti moja ya kulalia, yaani suruali ndefu, sweta, soksi na kofia ya kufuma, iwekwe mbali na isivaliwe mchana hata kwa dakika moja. Sweta ya sufi ni bora kuliko ya pamba, kwa maana sufi huhifadhi joto kiasi hata ikiwa na unyevu, lakini pamba ikilowa humnyang'anya mtoto joto lake. Kuhusu chombo cha kutilia nguo hizo, mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017. Lakini nyumba nyingi zina ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko. Ikioshwa vizuri na kukaushwa, ndoo hiyo haipitishi maji, nayo kambini huwa kiti.

Blanketi nazo hueleweka vibaya. Wazazi humpa mtoto blanketi mbili za kujifunika, na usiku kucha hutetemeka, kwa sababu ardhi humnyonya joto kutoka chini. Blanketi moja chini na moja juu ni afadhali. Na katika nchi ya migomba hakuna haja ya kununua godoro: majani makavu ya migomba, yakikung'utwa wadudu na kutandazwa kwa unene wa shubiri moja chini ya mkeka, huzuia baridi ya ardhi vizuri.

Lipo jambo moja ambalo mzazi hana budi kumwambia mwanawe kwa maneno yasiyo na mzaha. Katika nyumba za kale zenye paa la nyasi, moto ulikaa ndani, na moshi ukapenya katika nyasi na nafasi zilizokuwa juu ya kuta. Hivyo mtoto wa huku hakui akiliogopa jiko. Lakini hema iliyofungwa haina pa kupumulia. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu ikachukua nafasi ya hewa njema. Mtu huumwa na kichwa, huchoka, husinzia, na akiwa usingizini aweza kufa bila kuamka. Makaa yaliyofunikwa jivu, ambayo wengi huyadhani yamezimika, hutoa sumu ile ile. Jiko lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha vipi, hata kwa muda mfupi wa kukausha soksi. Atakaye joto la usiku ale ugali wa kutosha na anywe uji wa wimbi kabla ya kulala, kwani chakula ndicho kuni za mwili.

Pamoja na barua ya ruhusa, mzazi amwandikie mkuu wa Skauti habari za afya ya mtoto. Mwenye pumu aende na dawa yake. Mwenye ugonjwa wa seli mundu aonwe kwanza na daktari, kwa kuwa baridi huweza kumwamshia maumivu makali. Na yule ambaye bado hukojoa kitandani asifichwe. Kiongozi akijua kwa siri, atamwamsha usiku na kumwekea blanketi ya akiba. Asipojua, mtoto atalala katika nguo zilizolowa kwa kuona haya, na baridi haitamhurumia.

Watoto wenyewe nao wafundishwe kuangaliana. Kutetemeka ni dalili ya kwanza. Mwenzao akianza kujikwaa, akishindwa kufunga vifungo, au akisema kama mlevi, avuliwe nguo za maji, afungwe katika blanketi kavu, apewe chai ya moto yenye sukari ikiwa aweza kumeza, na kiongozi aitwe mara moja. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni baridi, huo si unafuu, apelekwe hospitali. Na radi ianzapo, wasikimbilie chini ya mti, wala wasidhani kwamba hema itawakinga. Waingie katika jengo imara au ndani ya gari lililofunikwa.

Baden-Powell alipowakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, ilikuwa Agosti, nao ni mwezi wa joto kwao. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri, penye baridi kama ya Nyamira, na huko alizikwa mwaka 1941. Kambi ya Agosti ya huku, basi, haifanani na ile ya kwanza.

Mtoto arudipo, blanketi zianikwe siku hiyo hiyo. Kama kambi ilikuwa mahali pa chini penye mbu, naye akapata homa katika majuma yafuatayo, isidhaniwe kuwa ni mafua ya baridi tu. Apelekwe kupimwa malaria, na mganga aelezwe alilala wapi.