Scratch: Mtoto wa shule anaweza kutengeneza programu kwa Kiswahili, hata bila intaneti

Kuna shule za mashariki mwa Kongo ambako somo la kompyuta bado linafundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora klavie na ekrani ubaoni, wanafunzi wananakili kwenye daftari, kisha wanajibu mtihani kwa Kifaransa. Na pale mashine zilipo, watoto watatu ama wanne hugawana moja, na saa inaisha kabla wa mwisho hajagusa kitu.

Mtoto huyo akipewa lugha ya programu ya watu wazima, anakutana na ukuta mwingine. Nukta moja ikisahauliwa, kazi yote inakataa, na maelezo ya kosa yanatoka kwa Kiingereza. Wengine huamua hapo hapo kwamba mambo haya si yao.

Scratch ilitengenezwa kwa ajili ya kuondoa ukuta huo. Ni programu ya bure iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, hasa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Wazo lenyewe ni la zamani: tangu 1967 Seymour Papert na wenzake walikuwa na Logo, ambamo mtoto anamwamuru kobe achore mistari.

Kwenye Scratch mtoto haandiki amri. Anavuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, kama vile vya mchezo wa Lego. Vya buluu vinamsogeza mhusika, vya manjano vinaanzisha tukio, vya rangi ya chungwa vinarudia ama vinaweka sharti. Visivyopatana havishikani, kwa hiyo hakuna amri inayokataliwa kwa herufi iliyokosewa. Makosa ya kufikiri yanabaki, lakini yanaonekana kwa macho: paka anakwenda kinyume ama anaganda pembeni ya ekrani, na watoto wanacheka huku wakitafuta sababu.

Paka huyo anaweza kufutwa, na hapo ndipo mvuto wenyewe ulipo. Mtoto wa Goma anaweza kuchora chukudu iliyobeba magunia ya viazi, akaifanya ishuke mlima, akarekodi sauti ya dada yake akipiga kelele watu wapishe. Akitaka mwendo uongezeke kadiri inavyoshuka, atahitaji mahali pa kuweka namba inayobadilika. Anajifunza jambo hilo kwa sababu chukudu yake inalihitaji. Lakini mwalimu akiwapa wote mchezo uleule wa kunakili, darasa limerudi kwenye chaki.

Kiswahili kimo kati ya lugha za Scratch, pamoja na Kifaransa. Lugha ikibadilishwa, maneno ya vipande yanabadilika papo hapo na kazi ya mtoto haiharibiki. Mwalimu aliyezoea Kifaransa na mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili wanaweza basi kusoma programu moja, kila mtu kwa lugha yake. Ni Kiswahili sanifu, ni kweli, na neno hapa na pale litamshangaza mtoto wa Bukavu ama Uvira. Hata hivyo, ni karibu naye kuliko Kiingereza.

Inabaki shida ya moto na mega. Kwa moto, hakuna programu inayoweza kusaidia. Betri ya laptop itavusha somo moja ama mawili. Kwa mega, lipo toleo linalofanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta za Windows na Mac na kwenye tablet za Android. Mtu mmoja mwenye mtandao analipakua mara moja, na lile la kompyuta linaweza kuhamishwa kwa kle ya USB. Kazi za watoto zinahifadhiwa na kubebwa hivyo hivyo.

Kwa wadogo wa miaka 5 hadi 7 ambao hawajajua kusoma, kuna ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014. Vipande vyake vina picha badala ya maneno: mshale unatosha kumwambia mhusika aende kulia.