Ordinatere imekosa sauti? Tuangalie mbele ya kulipa

Wandugu, kule karieri hatubadilishi motere mbele ya kuangalia waya. Ordinatere ya nyumbani ni vile vile.

Kwanza tufinye alama ya sauti, chini kwa kuume: pengine mutoto aliifunga. Kama televizyo imeunganishwa kwa kabeli ya HDMI, pengine sauti inaenda kule. Tuchague tena bafle. Waya ya bafle inaingia kwa tundu la kijani. La rozi ni la mikro. Tuzime, tuwashe tena.

Bado kimya? Tuingize ekuteri. Muziki ukisikika, kadi ya sauti ni nzima, ugonjwa uko kwa bafle. Fundi akitaka kuuzisha kadi mupya, tumuonyeshe ile kwanza. Mshahara wetu ni jasho.