Bledi Kwanza, Mashine Baadaye

Kakanda ni mji uliozaliwa na shaba. Uko kaskazini-magharibi mwa Likasi, nchini Kongo, katika ukanda uliochimbwa na Union Minière du Haut-Katanga tangu enzi za Wabelgiji, kisha ukawa wa Gécamines baada ya mali za kampuni hiyo kutaifishwa mwaka 1967. Ukitaja kazi huko, watu wanafikiria mgodi. Lakini watu wa mgodi nao wanalala vitandani, wanafunga milango usiku, wanakalia viti na wanazikwa ndani ya sanduku, kwa hiyo seremala hakosi wateja. Anachokosa ni njia ya kukifanya kitanda chake kijulikane kuwa ni chake. Vitanda vya mafundi kumi vikisimamishwa kando ya barabara vinafanana, na vitu vinavyofanana vinauzwa kwa kushindana kushusha bei.

Fundi kijana aliyekwisha kuizoea randa na patasi, na sasa anatamani kukata maua, herufi, ndege na misalaba kwenye ubao, anahitaji msumeno wa nakshi. Ni mashine ndogo ya mezani. Bledi yake, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, imebanwa juu na chini, na inapanda na kushuka mahali pamoja huku mikono ya fundi ikiuzungusha ubao. Jigso haiwezi kazi hii, kwa sababu bledi yake ni pana na inapasua uso wa mbao. Msumeno wa mkanda nao hauwezi, kwa sababu mkanda wake ni mduara usio na mwanzo wala mwisho, hauingii katikati ya ubao bila kukata ukingo. Msumeno wa nakshi unaingia: unatoboa tundu, unafungua bledi upande mmoja, unaipitisha, unaifunga tena na kuikaza, kisha unakata ndani ya ua bila kugusa pembeni.

Anayetaka kuona kazi ya mbao zilizotobolewa inavyoweza kubeba jengo zima atazame picha za Zahanati ya Zamani iliyo mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyogharimiwa na tajiri Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894. Baraza zake za juu zimepambwa kwa nakshi zinazopitisha upepo na mwanga. Nyumba za Kakanda hazihitaji baraza za namna hiyo, lakini zinahitaji matundu ya hewa juu ya milango, na sioni sababu ya matundu hayo kuwa vyuma vilivyonyooka tu.

Basi mashine ipi inunuliwe kwanza? Wauzaji watakuonyesha rangi, taa, kipuli cha kupeperusha vumbi, na ukubwa wa sanduku. Mimi nasema uanze na swali moja: inashika bledi ya namna gani? Bledi za mashine hizi ni za aina mbili. Moja ina kijipini kila ncha, unakiangika tu kwenye ndoano. Nyingine haina kitu, ni kipande kilichonyooka kinachobanwa kwa skrubu. Yenye kijipini inaonekana rahisi, na mashine nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa ajili yake peke yake. Tatizo ni kwamba kijipini hakipiti kwenye tundu dogo. Utalazimika kutoboa tundu kubwa, na kwenye nakshi ndogo tundu hilo linakula nusu ya ua. Bledi iliyonyooka inapita kwenye tundu la milimita moja na kidogo. Tena inatengenezwa kwa unene na meno ya namna nyingi zaidi, na inauzwa kwa dazeni.

Kuna sababu nyingine, na kwa mtu wa Kakanda ndiyo kubwa kuliko zote. Bledi iliyonyooka ya kipimo cha kawaida, yaani inchi 5 au karibu milimita 127, ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye msumeno wa mkono wenye fremu ya upinde. Fremu hiyo ni chuma kilichopindwa, mpini na skrubu mbili. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mashine, na haidai umeme. Kwa hiyo ningemshauri anayeanza anunue fremu hiyo na dazeni kadhaa za bledi kabla ya kununua mashine yoyote. Afanye kazi nayo miezi kadhaa. Mkono utajifunza kufuata mstari, jicho litajua bledi inapoanza kuchoka, na siku mashine ikija, bledi zilizobaki zitaingia humo bila kupotea hata moja. Na siku umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, fremu itaimalizia.

Bledi zinaisha haraka, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye mbao ngumu za miombo, kama mninga na jamaa zake, bledi nyembamba inaweza kupoteza makali kabla saa moja haijatimia. Haitiwi makali tena, inatupwa. Mashine unainunua mara moja, lakini bledi utazinunua maisha yako yote, na duka lenye bledi za nakshi halipo kila mtaa. Mzigo mwingi unaoingia Katanga unatoka Dar es Salaam kwa lori, unapita Kasumbalesa, unafika Lubumbashi, ndipo unasogea Likasi. Ukiagiza, agiza nyingi. Namba 5 inafaa kazi nyingi za ubao wa sentimita moja hadi mbili. Namba 2 au 3 ni kwa plaiwudi nyembamba. Namba 7 na 9 ni kwa ubao mnene. Namba inavyopanda ndivyo bledi inavyokuwa nene. Unapoifunga, meno yatazame chini, la sivyo ubao utarukaruka mezani.

Sasa umeme. Mto Lufira umezalisha umeme huko Mwadingusha tangu 1930, na bado fundi wa mji wa mgodi anajua maana ya mgao. Habari njema ni kwamba msumeno wa nakshi unakula umeme kidogo: mashine nyingi ndogo zina mota ya wati 90 hadi 125. Randa ya umeme inadai mara kadhaa ya hapo. Hii maana yake ni kwamba paneli ya jua, betri na inveta ya ukubwa wa wastani vinaweza kuuendesha, kazi ambayo havitaiweza kwa msumeno wa meza. Kwa seremala asiye na hakika ya umeme, hii ndiyo mashine ya kwanza ya kuota nayo.

Lakini soma kibati kilicho nyuma ya mota. Kongo inatumia volti 220 na mizunguko 50. Mashine za mtumba kutoka Marekani na Kanada ni za volti 120 na mizunguko 60. Ukiichomeka moja kwa moja, umeiunguza. Ukiitafutia transfoma, itafanya kazi, ila mota isiyo na kidhibiti cha mwendo itazunguka polepole kwa karibu moja ya sita, kwa sababu transfoma inabadilisha volti tu. Muulize pia muuzaji kuhusu swichi: umeme ukikatika na kurudi, mashine inabaki imezimika au inaanza yenyewe? Inayoanza yenyewe ni hatari, maana vidole vitakuwa karibu na bledi. Kama swichi yako haina kinga hiyo, jizoeze kuizima kila umeme unapokatika, kabla hata hujasimama kutafuta tochi.

Chagua yenye kubadilisha mwendo. Nyingi zinatoka mapigo 400 kwa dakika hadi 1,600 na zaidi. Mbao laini hupenda kasi. Mbao ngumu kwa kasi kubwa huungua ukingoni na kutoa harufu ya moshi. Kubandika tepu pana ya kufungia maboksi juu ya mchoro kunapunguza kuungua kwa kiasi kikubwa, na kupaka nta ya mshumaa kwenye bledi kunasaidia pia.

Kina cha koo, yaani nafasi kati ya bledi na nguzo ya nyuma, kisikusumbue sana: sentimita 40 zinatosha kwa ubao wa kichwa cha kitanda uliogawanywa vipande.

Mtetemo ndio unaotenganisha mashine nzuri na mbaya. Omba iwashwe dukani, uweke glasi yenye maji nusu juu ya meza yake, kisha upandishe mwendo polepole. Maji yakitikisika kidogo, sawa. Glasi ikianza kutembea, rudisha pesa mfukoni. Hata mashine nzuri ifungwe kwa bolti kwenye meza nzito. Meza ya mbao nyepesi inaongeza mtetemo.

Na kama umeme haupo kabisa? Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Barnes ya Rockford, Illinois, iliuza misumeno ya nakshi ya kukanyaga kwa mguu. Hobbies ya Dereham, Uingereza, ilianza mwaka 1895 kuchapisha jarida la kila wiki lililouzwa pamoja na michoro ya kukata. Watu walifanya kazi safi sana kwa miguu yao. Gurudumu na kikanyagio vya cherehani kuukuu vina kila kinachohitajika kupandisha na kushusha bledi, na fundi wa kuchomelea wa Likasi aliyezoea kutengeneza vipuri vya mashine kubwa hatashindwa na mkono mmoja wa chuma. Ningefurahi sana kuuona msumeno wa namna hiyo umejengwa Katanga.

Kwa mchoro wa kwanza, kata msalaba wa shaba wa Katanga, ule wa miguu minne ambao mababu waliusubu na kuutumia kama fedha, na ambao mwaka 1960 uliwekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga. Kona zake nne za ndani zinafundisha kugeuza ubao papo hapo bila kuikunja bledi, na mteja ataujua bila kuelezwa. Ukishauweza kwenye plaiwudi, ujaribu kwenye bati jembamba la shaba lililobanwa kati ya vipande viwili vya plaiwudi, kwa bledi ya sonara, nta nyingi, na mwendo wa chini kabisa.

Vaa barakoa kila mara, kwa sababu vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Malakaiti usiiguse kwa mashine hii: ni jiwe lenye shaba ndani yake, vumbi lake ni sumu, na jiwe lenyewe linakatwa kwa maji na vifaa vya wachonga mawe.